Shemeji katuletea fundi wa kuta za nje, asema nusu ya gharama itarudi

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni msomaji wako hapa Lowell, Massachusetts, mzaliwa wa Voi. Mimi na mume wangu tulinunua nyumba miaka mitatu iliyopita. Ni nyumba ya familia mbili, ya mwaka 1915. Sisi tunakaa chini, na juu tumempangisha mama mmoja Mkongomani na watoto wake. Nyumba tunaipenda, ila baridi yake haina mfano. Januari bili ya gesi ilifika dola 480, na bado watoto walilala na soksi na kofia. Saidingi ya nje, vile vibao vya plastiki, imepauka, na upande wa kaskazini imeanza kupasuka.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ametuletea fundi anayesali naye. Fundi alizunguka nyumba akipima, kesho yake akaleta karatasi ya dola 31,000. Ndani yake kuna kung'oa saidingi ya zamani, kuweka mpya "yenye insulesheni", yaani kitu cha kuzuia joto lisitoke, na kubadilisha madirisha sita ya mbele. Tulipogutuka alisema tusiogope bei, kwani asilimia 30 itarudi kwa njia ya kodi na nyingine Mass Save, mpango wa nishati wa hapa jimboni, watatulipa, jumla karibu nusu. Nikamuuliza hizo fedha zinaombwaje. Akasema ni kujaza fomu tu kazi ikishaisha. Anataka tutie sahihi Jumamosi hii na kumpa dola 15,500 za kuanzia, eti bei ya vifaa inapanda wiki ijayo.

Mjomba, mimi napiga shifti mbili kwenye nyumba ya wazee. Hizo 15,500 ndizo akiba yetu yote. Mume wangu anasema nikizidi kuuliza maswali ninamwaibisha kaka yake kanisani. Je, ni kweli serikali inalipa kuta za nje? Na kama si kweli, nikatae vipi bila kuvunja undugu?

La mwisho dogo: Novemba 2025 tulibadilisha mlango wa nyuma. Mlango wenyewe dola 900, kazi ya kuufunga 400. Kuna aliyeniambia tungeweza kudai kitu.

Ni mimi, Mama Zawadi

*

Marahaba, Mama Zawadi.

Jumamosi usitie sahihi, na usimpe mtu arbuni. Nitaanza na fedha, niende kwenye kuta, na shemeji nimemweka mwisho kwa sababu mambo ya kuta yakieleweka, naye atakuwa mwepesi.

Ile asilimia 30 ilikuwapo kweli. Ilikuwa nafuu ya kodi ya serikali kuu, iliyopanuliwa kwa sheria ya mwaka 2022. Kikomo chake kilikuwa dola 1,200 kwa mwaka kwa insulesheni, madirisha na milango, na madirisha yote kwa jumla hayakuvuka 600. Kisha ikaja sheria iliyotiwa sahihi tarehe 4 Julai 2025, ikaifuta kwa kazi yoyote itakayokamilika baada ya 31 Desemba 2025. Kazi ya mwaka huu haipati hata senti. Na hata zamani isingeifikia saidingi yenu, maana IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, walisema wazi kwamba kitu ambacho kazi yake kuu si kuzuia joto lisipotee, saidingi ikiwamo, hakihesabiwi. Fundi amekupigia asilimia 30 ya dola 31,000, ambayo ni 9,300. Kwa karatasi ile ile, mwaka 2025 mngeambulia 600 za madirisha, tena kama madirisha yenyewe yangetimiza masharti. Ama hajui, ama anajua na ananyamaza. Kwa mfuko wako ni yale yale.

Huo mlango wa nyuma, hata hivyo, uliwahi. Ulifungwa Novemba 2025, kwa hiyo unaweza kuudai kwenye kodi ya mwaka 2025 kwa fomu namba 5695. Ni asilimia 30 ya bei ya mlango peke yake, gharama ya kuufunga haiingii, na kikomo ni dola 250 kwa mlango mmoja. Kwako 30% ya 900 ni 270, basi utadai 250. Masharti ni mawili: uwe mlango uliofikia kiwango cha Energy Star, ile alama ya vifaa vinavyookoa nishati, na uwe na namba ya utambulisho ya mtengenezaji, ambayo ni tarakimu na herufi nne zinazoandikwa kwenye fomu. Itafute kwenye kibandiko cha mlango, kwenye risiti, au kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kama mlishapeleka kodi, mnaweza kuirekebisha kwa fomu 1040-X. Muda wa kawaida ni miaka mitatu. Nafuu hii hupunguza kodi mnayodaiwa tu, haizalishi fedha mpya kwa asiyedaiwa kodi.

Sasa Mass Save. Wengi wetu tunadhani ni msaada wa serikali, tunaona haya kuuomba kana kwamba ni sadaka. Chukua bili yako ya gesi na ya stima, usome ile mistari midogo ya chini. Kuna tozo ya matumizi bora ya nishati humo. Unailipa kila mwezi, na mpangaji wako naye anailipa kwenye bili zake. Mass Save ni makampuni ya umeme na gesi ya jimbo yanayozirudisha fedha hizo kwa wateja wao. Ndiyo maana anayeishi Shrewsbury au Littleton, miji yenye shirika lake la umeme, hupangiwa utaratibu mwingine. Hapo Lowell mmo.

Wanalipia nini? Ukaguzi wa nyumba ni bure. Kuziba mianya inayopitisha upepo ni bure au karibu na bure. Insulesheni ya darini na ya ndani ya kuta wanaipunguza kwa asilimia 75 au zaidi, na kwa kaya zenye kipato cha chini au cha kati wanaweza kuibeba yote. Punguzo hilo hukatwa kabla hujalipa: kampuni iliyofanya kazi inawadai wao, wewe unadaiwa kilichobaki. Kwa kinachobaki kuna mkopo, usio na riba kwa kaya nyingi, hadi dola 25,000, ambao benki inakupa na riba yake inalipwa na mpango. Saidingi haimo. Madirisha ndiyo usiyaweke moyoni kabisa: ruzuku yake imekuwa ndogo mno kando ya bei ya dirisha lenyewe, na imelenga nyumba zenye dirisha la kioo kimoja.

Sharti ambalo fundi wako hakukuambia ni hili: ukaguzi hutangulia kazi. Insulesheni iliyowekwa kabla ya mkaguzi kuiona nyumba na kuiandikia, hailipiwi. Hakuna fomu ya kujaza baadaye. Mnapofunga saidingi mpya kwanza, mnajifungia nje ya zile fedha pekee ambazo mngeweza kuzipata.

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo baridi yenu ilipo.

Nyumba nyingi za Lowell za miaka ile zilijengwa kwa nguzo za mbao, na katikati ya nguzo na nguzo ni uwazi mtupu. Nje kuna mbao, ndani kuna plasta, kati yake upepo unapanda kutoka besimenti hadi darini. Usiku wa baridi weka kiganja mbele ya soketi ya umeme iliyo kwenye ukuta wa nje, hasa ule wa kaskazini. Ukisikia upepo unatoka kwenye zile tundu, ukuta huo ni mtupu au karibu mtupu. Mkitaka kuona zaidi, mumeo azime umeme wa chumba hicho kwenye kisanduku kikuu, afungue kifuniko cha soketi, na achungulie kwa tochi pembeni ya kiboksi. Akiona giza na vumbi, mmepata jibu. Akiona kitu cha kijivu kama karatasi iliyosagwa, kuna mwenye nyumba aliyewatangulia kuujaza. Na asubuhi baada ya theluji, tazama paa lako na la jirani. La kwako likiwa limeyeyuka mapema huku barafu imening'inia kwenye ukingo, joto unalolilipia linatokea darini.

Fundi anasema saidingi yake ina insulesheni. Inayo, kidogo. Uwezo wa kuzuia joto hupimwa kwa namba inayoitwa R. Namba ikiwa kubwa, ulinzi ni mkubwa. Ile povu nyembamba inayotandazwa chini ya saidingi ni kama R-1. Saidingi iliyogandishwa povu nene mgongoni ni R-2 au R-3. Ukuta wenu mtupu ukijazwa selulosi, ile karatasi iliyosagwa, kwa kushindiliwa, unapata kama R-13. Kufunika ukuta mtupu kwa saidingi ya R-2 ni sawa na kuvaa koti la mvua bila sweta Januari.

Na selulosi huingizwaje? Kutokea nje. Wafanyakazi hufungua mstari wa saidingi, hutoboa tundu la kama inchi mbili kwenye mbao kila baina ya nguzo na nguzo, huingiza bomba, na mashine iliyo ndani ya gari lao husukuma zile karatasi zilizosagwa, zilizotiwa dawa ya borati ili zisishike moto wala kuliwa na wadudu. Uwazi ukijaa, bomba lenyewe hugoma. Tundu huzibwa kwa kizibo cha mbao, saidingi hurudishwa. Sasa fikiria: nyinyi saidingi mnaitupa. Hakuna wakati mzuri wa kutoboa ukuta kuliko wiki chache kabla ya mpya kuja, maana kila kiraka kitafunikwa. Mkitanguliza saidingi ya dola elfu ishirini na kitu, ni nani atakayewatobolea tena?

Kwa hiyo Jumatatu piga 866-527-7283, uombe ukaguzi. Uwe na bili zako mkononi, na sema tangu mwanzo kwamba ni nyumba ya familia mbili. Mkaguzi atapanda darini, atashuka besimenti, na huenda akafunga feni kubwa kwenye mlango wa mbele inayovuta hewa nje. Feni ikivuma, zunguka naye uweke mkono kwenye pembe za sakafu na kuzunguka bomba za jikoni. Utaona mwenyewe upepo unapoingilia. Mwambie waziwazi: tunakusudia kubadilisha saidingi, tunataka kuta zijazwe kwanza. Aliandike kwenye ripoti.

Vizuizi viwili vinaweza kutokea, na ni heri uvijue usije ukakata tamaa. Cha kwanza ni waya za kale. Nyumba ya 1915 inaweza kuwa na zile waya zilizoshikiliwa kwa vigango vya kauri. Zikiwa bado na umeme, hakuna anayeruhusiwa kuzifunika kwa insulesheni mpaka fundi umeme mwenye leseni azikague au azitoe. Cha pili kiko chini ya saidingi yenyewe. Chini ya plastiki, nyumba za kwenu huwa na mbao za zamani, au vigae vya saruji yenye asbesto. Asbesto haitobolewi hovyo, vumbi lake hudhuru mapafu. Kukiwa na kizuizi, muulize mkaguzi kuhusu fedha za kuondolea vizuizi, kwa kuwa zipo, nazo pia zina utaratibu wa kuombwa kabla. Na kwa kuwa nyumba ni ya kabla ya 1978 na mna watoto, yeyote atakayegusa rangi ya nje lazima awe na leseni ya jimbo ya kufanya kazi salama penye rangi yenye madini ya risasi. Muombe akuonyeshe. Vumbi la rangi hiyo likiingia kwenye udongo wanapochezea watoto, halina ruzuku ya kulifuta.

Mpangaji wako wa juu usimsahau. Mama mwenye watoto, kama anapata msaada wa kulipia joto, au kipato chake hakizidi asilimia 60 ya kipato cha kati cha jimbo, huenda akafungua mlango wa mpango ulio mkubwa kuliko mnaoweza kuupata nyinyi. Hapo Lowell mipango ya kipato cha chini hupitia shirika la Community Teamwork. Ongea naye kwa heshima, si kama unayechungulia mfuko wake. Mweleze kwamba fomu ni yake na siri zake ni zake, na faida ni ya nyumba nzima. Kwa kawaida mwenye nyumba hutia sahihi kwamba hatampandishia kodi ya pango kwa sababu ya kazi hiyo kwa muda fulani. Nadhani ni haki.

Tuje kwenye karatasi ya fundi. Massachusetts ina sheria ya marekebisho ya nyumba, inayolinda mwenye nyumba anayeishi kwenye jengo la familia moja hadi nne, na nyinyi mmo. Mkataba unaozidi dola 1,000 lazima uwe wa maandishi. Arbuni haizidi theluthi moja ya bei, isipokuwa kama kuna vifaa vya kuagizwa maalumu vyenye gharama kubwa kuliko hiyo. Theluthi ya 31,000 ni kama 10,333. Anayeomba 15,500 aonyeshe hivyo vifaa maalumu ni vipi. Namba yake ya usajili wa jimbo lazima iwe kwenye mkataba. Iangalie mwenyewe kwenye orodha ya ofisi ya kulinda watumiaji. Kibali cha mji achukue yeye, si nyinyi. Mafundi wengine humwambia mwenye nyumba "chukua wewe, ni rahisi zaidi". Ukikichukua kwa jina lako, unapoteza haki ya kulipwa na mfuko wa fidia wa jimbo fundi akiharibu au akitoroka. Na mkataba uliotiwa sahihi nyumbani kwako una siku tatu za kazi za kuuvunja bila faini, kwa maandishi. Natumaini hutazihitaji.

Wanaosoma hii wakiwa Ohio, Kentucky, Texas na kwingine, Mass Save si yenu, lakini mpango wa serikali kuu wa kukarabati nyumba zipitishazo baridi uko majimbo yote tangu 1976, bure kwa kaya isiyozidi asilimia 200 ya kiwango cha umaskini, hata ya wapangaji. Zaidi ya huo, kuna majimbo yaliyofungua ruzuku za sheria ile ya 2022 kwa kipato kisichozidi asilimia 150 ya kipato cha kati cha eneo, hadi dola 1,600 kwa insulesheni na kuziba mianya. Kila jimbo lina kasi yake. Kanuni ya kuomba kwanza na kujenga baadaye ni ile ile.

Haya, shemeji.

Mama Zawadi, usiende wewe. Huyu ni kaka mkubwa wa mumeo, na neno hili likitoka kinywani mwako litageuka kuwa "mke wake amekataa". Mumeo ndiye amwambie, wakiwa wawili, si kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia wala kwenye uwanja wa kanisa. Na asianze na "fundi wako ni mwongo". Aseme: "Kaka, asante kwa kutuletea fundi, kazi ya saidingi tunampa. Ila kuna fedha za insulesheni tutazikosa tukianza naye kabla ya ukaguzi. Mwambie atusubiri, na atuandikie bei mpya ya saidingi peke yake." Maneno hayo ni ya kweli yote, na hakuna aliyeaibishwa. Madirisha ya mbele yaacheni kwanza. Kama hayavuji maji na yana vioo viwili, hayatawapa joto linalolingana na bei yake.

Fundi mwenye kazi zake hatakataa. Anazo nyumba nyingine za kufanya, na ukuta uliokwisha kujazwa haumpunguzii chochote kwenye saidingi. Akisema bei ni ya Jumamosi tu, mumeo amuulize ni vifaa gani hivyo vya plastiki vinavyopanda bei wikendi. Na shemeji akikasirika, amekasirika kwa ajili ya akiba yako, si yake. Mpikie pilau siku ile mkaguzi anakuja, umkaribishe aweke kiganja mbele ya soketi feni ikiwa inavuma.

Simu ipige Jumatatu asubuhi kabla ya shifti, maana kipindi cha baridi foleni ya ukaguzi hurefuka.

Mjomba